Mikono Safi ya Ignatio

"Mgeuze kidogo," Inspekta Walburga Hyera alisema. "Nataka kuuona mgongo."

Mhudumu wa chumba cha maiti akamlaza marehemu kwa ubavu. Shati la kaki la Ignatio Mapunda lilikuwa jeusi tii kuanzia mabegani hadi kiunoni, kama la mtu aliyejilaza kwenye masizi. Walburga alipitisha kidole juu ya kitambaa. Kidole kikatoka cheusi.

Akarudi kwenye mikono. Aliikagua mmoja mmoja, akavikunjua viganja, akatazama chini ya kucha. Kisha akainama kutazama magoti ya suruali.

"Ameoshwa?"

"Hapana, Afande. Tuliambiwa asiguswe mpaka afike mtu wa Songea."

Mtu wa Songea ndiye yeye. Alikuwa ametumwa na ofisi ya upelelezi ya mkoa kuja kuchukua jalada na mtuhumiwa, kazi ambayo wenzake waliiita ya kubeba mizigo, kwa kuwa kesi yenyewe ilionekana imekwisha. Mtuhumiwa alikuwa mahabusu katika kituo kidogo cha polisi huko ufukweni. Vielelezo vilikuwa vimefungwa. Keshokutwa mtu huyo angesomewa shtaka la kuua, na shtaka hilo halina dhamana.

Sajenti Jastin, mkuu wa kile kituo kidogo, alikuwa amesimama mlangoni huku kofia ikiwa kwapani. Alikuwa kijana mtulivu, mwenye kuandika maelezo kwa mwandiko mzuri.

"Kesi nyepesi, Afande," alisema. "Marehemu alikuwa fundi wa miamba wa Kampuni ya Madini ya Liponde. Kazi yake ilikuwa kuchukua sampuli za mawe kule kilimani. Mtuhumiwa ni Cuthbert Kaluwa, mvuvi wa Lipingo, ana shamba la mihogo kwenye mteremko wa kilima hichohicho. Kampuni inataka kulichukua. Waligombana mbele za watu. Cuthbert akamwambia, ukirudi hapa utazikwa humohumo shimoni. Kweli, marehemu akakutwa humo shimoni, kapasuka kisogo."

"Na Cuthbert ulimkamata na nini?"

"Mikono myeusi, shati jeusi, na jiwe la shaba chini ya kitanda. Meneja wa kampuni alilitambua. Ni sampuli ambayo marehemu alikwenda kuichukua siku ile."

"Wewe uliingia humo handakini?"

"Hapana, Afande. Ni pembamba sana. Vijana wa kijiji ndio walioutoa mwili."

"Walitoka wakiwaje?"

Jastin alifikiri. "Weusi. Mikono, magoti, viwiko. Walikwenda kujisugua ziwani kwa mchanga na hawakutakata."

Walburga akaunyanyua mkono safi wa marehemu, akaushika pale pale mpaka Sajenti alipoutazama vizuri.

"Huyu aliingiaje?" aliuliza.

Sajenti akaitoa ile kofia kwapani, akaivaa, kisha akaivua tena.

*

Cuthbert Kaluwa alisimama mlango wa mahabusu ulipofunguliwa. Alikuwa mrefu, mwenye kifua cha mtu anayepiga kasia, na shati alilovaa lilikuwa la kuazima kwa kuwa lake lilikuwa kielelezo. Weusi ulikuwa bado umekaa kwenye mikunjo ya viganja vyake.

"Shikamoo, Mama," alisema.

"Marahaba. Keti. Huo weusi ni wa nini?"

"Lami. Mtumbwi wangu unavuja kwa mbele. Nilikuwa naichemsha lami na kuuziba walipokuja kunikamata. Sufuria bado iko pale ufukweni, kama watoto hawajaichezea."

"Na jiwe?"

"Sijawahi kuliona. Nilionyeshwa hapa kituoni."

"Ulimtisha marehemu."

"Nilimtisha." Hakutazama pembeni. "Alikuwa anapitisha kamba katikati ya mihogo yangu, anaweka vigingi. Baba yangu amezikwa kwenye ukingo wa shamba lile. Nilisema maneno mabaya na watu wote walisikia. Lakini hawakusikia ya baadaye."

"Yapi?"

"Alinifuata ufukweni peke yake. Akaketi kwenye gogo, akaomba radhi. Akaniambia, ndugu yangu, usikubali kuhama, kilima kile hakina kitu. Nikamuuliza, mbona mnachukua mawe kila siku? Akasema hayo mawe atayasemea mwenyewe wageni wa Dar es Salaam wakifika. Baada ya hapo sikumwona tena."

Walburga akamgeukia Jastin. "Haya yamo kwenye maelezo yake?"

"Aliyasema, Afande. Sikuyaandika. Niliona anajitetea."

"Kujitetea ni haki yake. Yaandike sasa, kisha msomee, aweke sahihi."

Sajenti akavuta karatasi. Cuthbert alisubiri mpaka kalamu ilipoanza kutembea, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nina ombi moja tu, Mama. Mama yangu, Avelina, analeta ugali kila asubuhi na haruhusiwi kuniona. Aambiwe kwamba ninakula."

"Leo ataingia," Walburga alisema. "Mwambie mwenyewe."

*

Kilima cha Liponde kinaanza kupanda nyuma ya nyumba za mwisho za Lipingo. Wajerumani walikichimba wakitafuta shaba, wakaacha handaki moja na rundo la mawe ambalo sasa limeota nyasi. Kwa muda mrefu hakuna aliyekijali, mpaka serikali ilipofungua milango kwa watu binafsi. Mbinga walikuja wanunuzi binafsi wa kahawa, Ngaka wakaanza kupita watu wenye ramani wakiulizia makaa ya mawe, na hapa Liponde akaja meneja Othmar Kinunda na leseni ya utafiti, pikapu nyeupe, na ubao uliopakwa rangi wenye jina la kampuni.

Walburga alikuwa amekuja na mtu mmoja kutoka Songea ambaye hakuna aliyemtarajia: Vitalis Chale, mjiolojia wa serikali. Alikuwa amemwomba lifti hadi Mbamba Bay kwa shughuli zake. Sasa shughuli hizo zilikuwa zimesahauliwa.

Waliingia mchana kweupe, Vitalis mbele na kurunzi. Hatua za mwanzo walitembea wima. Handaki lilipokata kona kuelekea kulia, dari likashuka, na ikabidi watambae. Kuta zilibana mabega. Kila alipoweka kiganja, Walburga alihisi unga laini kama wa mkaa uliotwangwa.

"Hapa ndipo alipokutwa," Vitalis alisema, akimulika sehemu iliyopanuka kidogo mbele yao. "Na hii unayoishika ni manganizi, madini meusi. Mvua inapenya kwenye nyufa, inaitoa ndani ya mwamba kidogo kidogo na kuipaka ukutani. Miaka na miaka. Inashika ngozi na kitambaa kuliko masizi."

"Inaanzia wapi?"

"Kwenye kona. Mlangoni kote ni mwamba mtupu, mkavu, hauna weusi wowote. Nimeangalia wakati tunaingia."

"Na shaba?"

Akamulika ukutani. Ndani ya mwamba wa kijivu ulipita mkanda mweupe, mpana kama kiganja, wa jiwe gumu liitwalo kwatsi, na juu ya weupe huo palikuwa na madoa ya kijani yaliyokolea, mazuri kuyatazama. Vitalis akagonga kipande kwa nyundo yake ndogo. Kijani kilikuwa ngozi tu. Chini yake palikuwa na mstari mweusi, kisha kwatsi nyeupe tena.

"Hiyo ndiyo shaba yote ya Liponde," alisema. "Inapaka macho, haijazi gunia. Wajerumani waliijua, ndiyo maana waliondoka. Na angalia: kila penye kijani pana cheusi. Vinatembea pamoja kwenye kilima hiki."

Walipotoka nje, Walburga alijitazama. Viganja, viwiko, magoti, vyote vyeusi. Mgongo wake ulikuwa safi.

"Ignatio ni kinyume changu," alisema. "Mimi nimetambaa. Yeye aliburutwa."

"Akiwa amekufa."

"Au amezimia. Lakini hakuweka kiganja chini hata mara moja." Akajifuta kwa majani, bila mafanikio, kisha akafungua bahasha ya kielelezo na kulitoa jiwe lililokutwa chini ya kitanda cha Cuthbert. "Sasa nisomee hili."

Lilikuwa jiwe la kupendeza. Kijani kilikuwa kinene, kimepangana mistari mistari, kilichopauka na kilichokolea, na kilikuwa kimekaa katika mwamba wa kijivu hafifu. Vitalis aliligeuza mara mbili tatu. Akaokota chupa ya soda iliyotupwa njiani, akachukua kipande cha kwatsi alichotoka kukivunja, akakikwaruza kwenye kioo. Mkwaruzo mweupe ukabaki. Kisha akakwaruza kwa ile sehemu ya kijivu ya jiwe la kielelezo. Lilisagika likaacha unga. Kioo hakikudhurika. Akaupangusa unga kwa kidole gumba na kumwonyesha.

"Mwamba laini," alisema. "Kwatsi hakuna. Manganizi hakuna, hata chembe. Na kijani kinene namna hii kilima kile hakijawahi kukiota. Jiwe hili ni la mbali, Inspekta. Mawe ya sura hii nimeyaona Zambia, kwenye machimbo yao ya shaba. Huuzwa hata barabarani, watu wananunua mapambo."

"Una hakika kiasi cha kuapa mahakamani?"

"Nitaapa."

Walburga alilirudisha jiwe kwenye bahasha. Maelezo yote ya kesi yalisimama juu ya jambo moja: kwamba Cuthbert alimuua Ignatio handakini na kuondoka na jiwe aliloliokota humo. Sasa jiwe lilikuwa halijawahi kuwa humo.

"Basi twende tukaone," alisema, "ni nani Lipingo anayefuga mawe ya Zambia."

*

Ghala la kampuni lilikuwa jengo la matofali ya kuchoma lenye mlango wa chuma. Mlinzi, mzee Cleopa, aliketi kwenye kigoda akisuka kamba ya ukindu.

"Shikamoo, baba," Walburga alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu," alijibu, na macho yake yakaenda kwenye mikono yake iliyotapakaa weusi. Yalikaa hapo kitambo. Kisha akarudi kwenye kamba yake.

Othmar Kinunda alitoka nje kuwapokea. Alikuwa mtu wa makamo, mnadhifu, shati jeupe la mikono mirefu, sauti ya upole. Aliwapa pole ya safari na kuagiza soda.

"Ignatio alikuwa kama mdogo wangu," alisema. "Nimewaambia wa kwao Kigonsera kwamba jeneza ni juu yangu."

"Ahsante kwa niaba yao. Maswali machache tu, ili nifunge jalada. Wewe uliwahi kuingia handakini?"

"Mlangoni tu. Nina kifua, Inspekta, sehemu zenye kubana siziwezi. Hata Sajenti nilimwambia. Kazi ya ndani ilikuwa yake marehemu."

"Sampuli zote mnaweka hapa?"

"Zote. Karibuni mzione. Kesho wabia wetu wa Dar es Salaam wanakuja kuzitazama kabla ya kutia sahihi."

Ndani kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa shuka jeupe, na juu ya shuka mawe yamepangwa: kijani kinene, mistari mistari, mwamba wa kijivu hafifu. Mengi, na yote ni ndugu wa lile la kwenye bahasha. Walburga alizunguka meza polepole, mikono nyuma. Alitazama mawe mara moja. Shuka alilitazama kwa muda mrefu zaidi.

"Haya yote yametoka Liponde?"

"Yote, ndani kabisa, kule alikofia."

"Funguo za hapa nani anazo?"

"Mimi, na marehemu. Za kwake zilikutwa mfukoni mwake."

"Vizuri. Samahani, saa yangu imesimama. Sasa ni saa ngapi?"

Kinunda akavuta mkono wa shati na kugeuza kifundo cha mkono. Saa ilikuwa ya mkanda wa ngozi ya rangi ya asali, ulioshonwa kwa uzi mweupe. Upande wa juu uzi ulikuwa mweupe bado. Upande wa ndani, pale mkanda unapogusa mshipa wa damu, uzi wote ulikuwa mweusi.

"Tisa kasoro," alisema.

"Ahsante," Walburga alisema. "Nitakuja kesho kukuaga."

*

Walipoingia garini, Walburga alimgeukia mwenzake.

"Vitalis, niambie kitu. Kuna njia ya kutofautisha weusi wa manganizi na weusi mwingine? Si maabara ya Dar es Salaam. Hapa, leo."

Mjiolojia alicheka kidogo. "Ipo, na iko kwenye zahanati yoyote. Ile dawa ya kusafishia vidonda, inayotoa povu. Manganizi inaichemsha kama sabuni. Lami haifanyi kitu, masizi hayafanyi kitu, grisi haifanyi kitu."

"Na damu?"

"Damu nayo inaichemsha. Ndiyo maana tunapima mara mbili. Unasaga tembe za vitamini C, unazikoroga kwenye maji, unatonesha juu ya doa. Manganizi inafifia mpaka inapotea. Damu haipotei hivyo. Doa linalochemka na kisha kufifia, hilo ni la kilimani."

Zahanati ya misheni iliwapa chupa ndogo na bahasha ya tembe. Kituoni, mbele ya Sajenti Jastin, Walburga alianza na suruali yake mwenyewe. Alitonesha dawa kwenye goti. Povu jeupe likapanda papo hapo, likachemka kwa sauti. Walitonesha maji ya tembe pembeni yake, na weusi ukaanza kupauka kama wino uliomwagiwa maji.

Kisha kipande cha shati la Ignatio, kilichokatwa mgongoni mbali na damu. Povu.

"Sasa shati la Cuthbert," alisema. "Tonesha wewe, Sajenti."

Jastin alitonesha. Dawa ilitulia juu ya doa jeusi, tone la maji juu ya lami, na kuteleza pembeni. Akatonesha pengine. Ikateleza. Akatonesha begani, kifuani, kwenye mkono. Alipomaliza aliiweka chupa mezani.

"Ningempeleka Songea," alisema.

"Usingempeleka peke yako. Na mimi ningesaini." Walburga alifunga chupa. "Mpe Cuthbert shati lake lingine kutoka kwao. Lakini asitoke kwanza. Nataka Kinunda alale usingizi mzuri."

*

Wageni wa Dar es Salaam walikuwa wanaume watatu na mwanamke mmoja aliyevaa miwani, ambaye ndiye aliyekuwa akiuliza maswali. Walikuwa tayari wamesimama kuzunguka meza Walburga alipoingia na Vitalis na Sajenti. Nje, watu wa Lipingo walikuwa wamejaa mpaka ukutani. Walijua kwamba sahihi ingewekwa leo na kwamba baada ya sahihi mihogo ingeng'olewa.

"Inspekta amekuja kuniaga," Kinunda aliwaambia wageni. "Ni yule niliyewaeleza, anayetumalizia ule msiba wetu."

"Nimekuja kuumaliza," Walburga alisema. "Bwana Kinunda, jana uliniambia mawe haya yametoka ndani ya handaki la Liponde. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Yote?"

"Inspekta, tumeshaongea haya."

"Wageni wako hawakuwepo."

"Yote," Kinunda alisema, na tabasamu lake likabaki pale pale lilipokuwa.

Walburga akampa ishara Vitalis. Mjiolojia akaweka chupa tupu mezani. Upande mmoja akaweka jiwe alilolivunja jana handakini, la kwatsi, lenye ngozi ya kijani na mstari mweusi. Upande wa pili akachukua moja la pale mezani. Alikwaruza kioo kwa la kwanza, akakwaruza kwa la pili, akampa mama mwenye miwani chupa aitazame mwenyewe. Hakusema zaidi ya sentensi chache: jiwe la kilima hiki hukata kioo na hubeba weusi, haya ya mezani hayafanyi hata kimoja.

Mama mwenye miwani alijaribu kwa mkono wake, jiwe moja, na jingine, na jingine. Kisha akalirudisha la mwisho mahali pake kwa uangalifu na kusogea hatua moja nyuma, mbali na Kinunda.

"Kuna tabaka mbalimbali," Kinunda alisema. "Marehemu alikuwa na utaalamu wake. Labda alituchezea. Sasa hatuwezi kumuuliza."

"Alitaka aulizwe," Walburga alisema. "Alikuwa anawasubiri hawa wageni. Naomba saa yako."

"Saa?"

"Ya mkononi."

Kinunda aliwatazama wageni, akawatazama watu mlangoni. Akaivua. Walburga aliilaza juu ya shuka na kuigeuza ili ule uzi mweusi uonekane.

"Hii ni nini?"

"Vumbi. Mtu anaishi na mawe, Inspekta. Ni vumbi la sampuli hizi."

"Hizi za mezani?"

"Hizi hizi."

Walburga akatoa leso nyeupe mfukoni, akampa mama mwenye miwani. "Naomba uyafute. Yote unayotaka."

Yule mama alifuta mawe, kwa nguvu, moja baada ya jingine. Akaifungua leso na kuiinua. Palikuwa na unga wa kijivu na vumbi la kijani. Weusi haukuwepo. Shuka lililokuwa chini ya mawe lilikuwa jeupe kama lilivyotandikwa.

"Hakuna cheusi ghalani humu," Walburga alisema. "Kwa hiyo hukukipata humu."

"Basi mlangoni kwa handaki. Nilisema nilifika mlangoni."

"Mlangoni ni mwamba mkavu," Vitalis alisema. "Weusi unaanza baada ya kona, pale ambapo mtu lazima atambae."

Walburga alifungua chupa ya zahanati. Alitonesha kwanza upande wa juu wa mkanda, kwenye uzi mweupe, na kila mtu akaona kwamba hakuna kilichotokea. Kisha akaugeuza na kutonesha upande wa ndani.

Povu lilipanda kama maziwa yanayofurika. Lilifunika uzi wote, likachemka, likamwagika shukani. Alisubiri litulie, akatonesha maji ya tembe, na mbele ya macho yao uzi mweusi ukaanza kuwa kijivu, kisha mweupe.

"Huu ni weusi wa kilimani, nyuma ya kona," alisema. "Mahali ambapo hujawahi kufika. Uliosha mikono vizuri, Bwana Kinunda. Ulimsahau fundi aliyeshona mkanda."

Kinunda alifungua mdomo. Kilichosikika hakikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti ya mzee Cleopa, mlinzi, aliyekuwa ameingia na kusimama nyuma ya wageni, kofia mkononi.

"Alirudi kulipokucha akiwa hivyo," alisema. "Mweusi kama wewe jana, mwanangu. Nilipokuona jana mikono yako nikajua umefika kule kule."

"Cleopa," Kinunda alisema.

"Niliwasikia wanabishana humu ndani, alfajiri. Ignatio anasema, nitawaambia. Halafu kimya. Pikapu ikapanda kilimani. Aliporudi alinipa nyundo ya marehemu nikaitupe ziwani, akasema mtu akiuliza, mimi nilikuwa nimesinzia." Mzee aliikunja kofia mikononi. "Nilimwogopa. Cuthbert alipokamatwa nikaogopa zaidi. Lakini nyundo sikuitupa. Iko chini ya kuni nyumbani kwangu, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni. Sikuiosha."

Sajenti Jastin alikuwa ameshafika mlangoni kabla Walburga hajamtuma. Watu walimpisha, na wawili wakamfuata kama mashahidi. Aliporudi, mfuko ulikuwa mikononi mwake umenyooshwa mbele kama sahani iliyojaa. Walburga aliufungua kidogo tu. Kwenye chuma, karibu na mpini, palikuwa na damu kavu na nywele fupi za mvi. Kwenye mpini zilichongwa herufi mbili: I.M.

Kinunda aliketi kwenye kiti alichomwandalia mgeni.

"Ningempa sehemu yake," alisema, hakuna aliyejua anamwambia nani. "Nilimwambia nitampa. Hakutaka."

"Othmar Kinunda," Walburga alisema, "nakukamata kwa mauaji ya Ignatio Mapunda, na kwa kumwekea Cuthbert Kaluwa jiwe lako chini ya kitanda. Sajenti, mfunge pingu. Na andika kila neno atakalosema."

*

Habari ilifika kituoni kabla yao. Waliposhuka garini walikuta uwanja umejaa: wavuvi, wanawake na beseni zao za dagaa, katekista, wanafunzi walioruhusiwa kutoka darasani. Walipisha njia kwa Kinunda bila kumgusa. Mbele kabisa alisimama Mama Avelina, na bakuli la ugali aliloleta kama kila asubuhi.

Walburga alimpa Jastin ufunguo wa mahabusu.

"Fungua wewe," alisema.

Jastin alifungua. Hakuondoka mlangoni.

"Kaluwa," alisema, kwa sauti ambayo watu wote waliisikia, "ulisema kweli na mimi sikuiandika. Nakuomba radhi mbele ya watu hawa, kwa sababu nilikukamata mbele yao."

Cuthbert akampa mkono, na Sajenti akaupokea kwa mikono miwili.

Alipotoka juani, vigelegele vilianzia kwa mwanamke mmoja na kuruka kwa wote, vikapanda mpaka kuku wakatawanyika. Mama Avelina hakupiga. Alimgusa mwanawe usoni, begani, kifuani, kama anayekagua kitu kilichorudi kutoka kwa fundi, kisha akamkabidhi bakuli na kusema, "Kula." Watu wakacheka, naye akacheka, machozi yakimtoka. Mama mwenye miwani, aliyekuwa amesimama kando ya gari lake, alimwendea mwenyekiti wa kijiji na kumwambia kwamba kampuni yake haina haja na kilima kile, leo wala kesho. Vigelegele vikaanza upya, na safari hii walikuwemo wazee.

Cuthbert alikula matonge machache akiwa amesimama. Kisha akamrudia Walburga.

"Mama, Ignatio anasafirishwa lini?"

"Leo. Lori la misheni limemchukua hospitali, linapita hapa kuelekea Kigonsera. Ndugu zake wanamsubiri."

"Yuko na nani?"

"Dereva tu."

Cuthbert akampa mama yake bakuli. Lori lilikuwa tayari linasikika likiteremka kwenye kona ya kanisa. Alisimama katikati ya barabara na kunyoosha mkono, na dereva akafunga breki.

"Huyu alikufa kwa ajili ya mashamba yetu," aliwaambia watu. "Hawezi kwenda kwao kama gunia."

Akapanda nyuma na kuketi kwenye ubao kando ya jeneza. Mwenyekiti wa kijiji akapanda. Wavuvi wakapanda mpaka nafasi ikaisha. Mzee Cleopa alisimama chini akiwa hajui pa kuweka macho, mpaka Cuthbert alipoinama na kumvuta juu kwa mkono. Wanawake wakaanza wimbo wa kanisani, polepole, kisha kwa sauti kamili.

Walburga alivua kofia. Lori likaanza kwenda mwendo wa mtu, na Lipingo nzima ikalifuata kwa miguu ikiimba, mpaka barabara ilipoanza kupanda milima.